Taa Sita Juu ya Mwanatabu

Jumapili, 20 Oktoba 1963. Shika Adabu.

Boga alinikuta barazani baada ya alasiri nikitengeneza pasi ya jirani. Hakuzunguka na maneno. Kikundi kinacheza tena, alisema, na kitacheza mara nne kabla ya uhuru: hapa kwetu Shika Adabu, halafu Mtopanga, halafu Magongo, na mwisho jioni ya tarehe kumi na moja Desemba katika uwanja wa Likoni. Taa anazitaka kwangu.

"Tafuta mtu mwingine," nikamwambia.

"Mwingine nani? Stima unaijua wewe, Idarus."

"Stima haikumvunja Mwanatabu. Kilichomvunja ni nguzo, na nguzo niliisimamisha mimi."

Boga ni mwalimu wa darasa la sita. Michezo anaitunga mwenyewe na kuichezesha mwenyewe, na akishapanga jambo haoni kwa nini lisiwe. Akaniambia Mwanatabu ameshakubali kucheza. Hilo sikulitegemea.

Mwanatabu ni binti wa shangazi yangu Waridi, na tunakaa ua mmoja. Mwezi wa nne nilisimamisha boriti mbili za mkoko uwanjani, nikalaza ya tatu juu yake, nikatundika taa nne. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Kabla hatujaanza niliona boriti ya kushoto imeinama kidogo. Nikasema nitaishughulikia wakati wa mapumziko. Mapumziko hayakufika. Taa moja ilimwangukia Mwanatabu begani ikamvunja mtulinga. Tangu siku hiyo ananisalimu, ananiletea sahani ya pilau sikukuu, lakini la mwezi wa nne hatujalisema hata siku moja.

Safari ile kila kitu nalikiweka kichwani. Safari hii nitaandika.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilimkuta uani akianua nguo. Anaanua kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haupandi kupita bega.

"Ni kweli unacheza?"

"Kweli."

"Chini ya taa zangu?"

"Kwani kuna za mwengine?" Akakunja kanga, akaiweka kapuni. "Lakini usinihakikishie kitu, Idarus. Wewe utasema ni imara kwa sababu unataka iwe imara. Boga atasema ni imara kwa sababu anataka mchezo. Nitafutieni mtu wa kuzitazama ambaye hatujali sisi wala mchezo."

Shangazi akaita kutoka jikoni. Mwanatabu akaitika "Abee, mama," akaingia ndani.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mtu amepatikana. Anaitwa Mwarandu, anakaa Magongo. Miaka ishirini na miwili alikuwa bandarini akining'iniza mbao za wapaka rangi ubavuni mwa meli, watu wanne au watano juu ya ubao mmoja, maji chini. Boga alisikia habari zake kwa mwalimu mwenzake.

Nilivuka feri baada ya kazi nikapanda basi la Changamwe. Nilimkuta ameketi mlangoni kwake anakunywa kahawa iliyojaa sukari. Mtu mfupi, mabega mapana, kofia ya buluu ya bandarini bado iko kichwani ingawa kazi ameiacha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa taa?"

"Ndimi."

"Taa moja ina uzito gani?"

"Si nzito sana."

"Si nzito sana ni ratili ngapi?"

Sikujua. Akamaliza kahawa yake. "Basi nenda ukapime, mwanangu. Ukishajua, rudi tuzungumze."

Nilikuwa nimesafiri saa mbili. Hakunikaribisha hata kukaa. Nimerudi nyumbani nimemkasirikia kama aliyenitukana.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimezipima taa kwenye mizani ya duka la mbata. Ni sita, tulizipata klabu moja ya wazungu ilipofungwa. Mimi nalikisia ratili nane kila moja. Ni kumi na nne. Pamoja na nyaya na vishikizo ni ratili mia na sita.

Mwezi wa nne nalitundika nne bila kujua.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua asubuhi. Sikutoka.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku nzima Magongo. Boga alikuja na lori dogo la binamu yake na kila kitu chetu juu yake. Mwarandu akatuambia tupange vya kusimamishia taa katika mstari uani kwake, kama watu wanaokwenda kuchaguliwa kazi.

Kwanza boriti za mkoko. Akazipigapiga kwa fundo la kidole. "Mti mzuri. Lakini mti huu unasimama kwa kuzikwa. Shika Adabu mchanga, mtazika futi nne na bado mti utacheza. Mtopanga kuna mwamba wa matumbawe, mtazika inchi sita. Hapa Magongo udongo mwekundu, ukilowa ni uji. Kitu cha kuhama hakiwezi kutegemea shimo."

Pili, vile vyuma vya miguu mitatu vilivyokuja na taa. Mimi navipenda, vinakunjika kama mwavuli, mtu mmoja anavibeba. Mwarandu akakunjua kimoja, akakishika shingoni, akakitikisa. Kikalia. "Pini imelika. Na hiki kilitengenezwa kibebe taa moja, ndani ya nyumba, pasipo upepo. Nyinyi mnataka viwili vibebe sita, nje, mwezi wa kumi na moja."

"Tukiongeza vingine?" Boga akauliza.

"Utakuwa na vingi vya kuanguka."

Tatu ni mabomba ya chuma, yale mazito ya wajenzi, yenye kufungwa kwa vikamatio na spana. Hayo akayakubali, lakini si kwa kusimama bomba moja. Kila upande anataka mabomba manne yaliyofungwa kama kiti kirefu, futi kumi na mbili kwenda juu na futi nne kutanuka chini. Chini ya kila mguu ubao mpana. Juu ya ubao mfuko wa mchanga. Kutoka juu kamba mbili kwenda kwenye vigingi. Na kila taa iwe na mnyororo wake wa pili, ili kishikizo kikiachia isifike kichwani mwa mtu.

Boga akahesabu kwa vidole. "Mzee, huu ni mzigo wa lori zima. Sisi ni waigizaji, hatujengi daraja."

"Daraja watu wanapita," Mwarandu akasema. "Hapa mtu anasimama chini yake saa mbili."

Kisha kile cha kulala juu, kutoka upande hadi upande, futi kumi na nane. Boga alikuwa na bomba moja refu. Tukalilaza juu ya magogo mawili, tukatundika mifuko ya mchanga ya uzito mara mbili ya taa zetu. Likapinda katikati kama inchi nne. Tukaitoa mifuko, halikurudi. Mwarandu akasema anachotaka ni kenchi, kama zile zinazobeba mapaa ya magodauni: mabomba matatu membamba yaliyokaa pembetatu, na kati yake vyuma vya mshazari vimechomelewa kwenda na kurudi. Vipande viwili vya futi tisa, viungane katikati kwa bolti, ili viingie garini.

Nilirudi nimechoka, na bado simpendi mzee huyu. Ila nimeandika kila alilosema.

Jumanne, 5 Novemba

Nimegundua jambo na sijui la kulifanya.

Nilipeleka mchanga tuupime. Mwarandu aliniambia nisome mizani. Nikasoma. Kisha akaniambia nisome futi kwenye tepu, kisha nambari iliyopigwa kwenye bolti. Mara ya nne nikamtazama. Nikamnyooshea bolti mbili, moja nene na moja nyembamba, bila kusema neno. Hakuzitazama. Alizipokea akazigeuza kwa vidole, akarudisha nyembamba.

Mzee haoni. Si kipofu, anatembea, anajua mtu akiingia uani. Lakini mambo ya karibu hayaoni.

Mwanatabu aliomba mtu wa kutazama, nasi tumempelekea huyu.

Jumatano, 6 Novemba

Sikumwambia Boga. Sikumwambia Mwanatabu. Najua ninachofanya: ninafanya kile kile cha mwezi wa nne. Nimejipa mpaka Jumamosi.

Jumamosi, 9 Novemba

Kenchi ilikuwa tayari kwa Kombe, mchomeleaji wa Barabara ya Magongo. Imepakwa rangi nyeusi, nzuri kuitazama. Boga akaishangilia. Mimi nilikikagua kila kiungo kwa macho yangu mawili mazima, kimoja kimoja, vyote arubaini na vinane, nikasema iko sawa.

Mwarandu akachuchumaa. Akaanza mwanzo tena, kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, akizungusha kila kiungo. Boga akawa anaitazama saa. Kwenye kiungo cha thelathini na kitu, karibu na pale vipande viwili vinapoungana, ukucha ukakwama.

"Hapa."

"Pana nini?" Kombe akauliza.

"Kwangua rangi."

Kombe akakwangua. Chini ya rangi palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa nusu inchi. Kombe ni mtu muungwana. Uso ulimbadilika, akaomba radhi, akasema atakifanya upya mbele yetu na viwili vya jirani yake pia. Akavifanya.

Tukiwa tunangoja chuma kipoe nilikaa karibu na mzee. Nikamwambia, "Mzee Mwarandu, najua habari ya macho."

"Nalijua unajua. Zile bolti." Akacheka kidogo. "Miaka ya kugonga kutu. Vumbi la rangi na chuma linaingia, linakaa. Bandarini walinistaafisha kwa hilo. Nalitaka kumwambia yule mwalimu siku ya kwanza, nikaona atanirudisha, nami nimekaa mlangoni miaka miwili sina wa kuniuliza kitu."

"Ungeniambia mimi."

"Sasa nimekuambia. Wewe soma nambari, timazi, pimamaji. Mimi nishike. Nikisema sijui, uniamini kwamba sijui."

Jioni nilimweleza Mwanatabu yote, ya macho na ya ufa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo namtaka," akasema.

Jumapili, 10 Novemba

Boga naye nimemwambia. Alisema, "Kipofu!" Kisha akasema, "Lakini ufa aliuona." Akaliacha hapo.

Ijumaa, 15 Novemba

Tumeijaribu kenchi. Mifuko ya mchanga ratili mia mbili na kumi na mbili, mara mbili ya mzigo wetu, imening'inia tangu jana asubuhi. Leo baada ya sala ya Ijumaa nilipima kwa uzi. Ilishuka upana wa kidole katikati. Tulipoitoa mifuko ikarudi. Nikamwambia mzee. Akasema "Vidzo," neno la kwao, yaani vizuri, na hiyo ni mara ya kwanza kulisikia kwake.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Mazoezi chumba cha shule. Mchezo wenyewe ni wa mjane mwenye nyumba ya wapangaji watatu. Kila mpangaji anataka nyumba iwe yake na kila mmoja anampa mjane sababu tofauti. Mwanatabu ndiye mjane. Watu wanauliza kama nyumba ni Mwambao, pwani hii yetu inayogombaniwa, na wapangaji ni akina nani. Boga anasema nyumba ni nyumba.

Jumamosi, 23 Novemba

Shika Adabu. Tumecheza!

Kusimamisha kulichukua saa tatu. Kenchi inapanda kwa kapi mbili, moja kila upande, watu wawili kila kamba, kwa hesabu ya Mwarandu, "Moja, shika. Mbili, shika." Taa zilipowaka watu walisema "Aaa" kwa pamoja. Shangazi Waridi alikaa mstari wa mbele na mkoba magotini, na sikumwona akimtazama binti yake hata kidogo. Saa mbili zote alizitazama taa.

Hakuna lililotokea. Naandika hivyo kwa furaha: hakuna lililotokea.

Jumatatu, 25 Novemba

Boga amekuja na fikra mpya. Mtopanga uwanja ni mkubwa, watu watakuwa wengi, wa nyuma hawataona. Anataka futi kumi na tano badala ya kumi na mbili. Mabomba yapo, ni kuyaongeza tu.

Nilimwambia nitamuuliza mzee. Ukweli ni kwamba na mimi nalitaka. Baada ya Jumamosi naliona tunaweza lolote.

Jumamosi, 30 Novemba

Mtopanga. Upepo ulianza saa tisa alasiri, na turubai la nyuma ya jukwaa likawa linapiga. Boga alikuwa ameshawaambia watu waongeze mabomba. Mwarandu akaja, akashika kamba moja, akaisikiliza kwa kiganja kama mtu anayepima homa.

"Futi kumi," akasema.

"Tulikuwa kumi na mbili Shika Adabu!"

"Shika Adabu hapakuwa na upepo. Na turubai lile litolewe, ni tanga hilo."

"Mzee, watu mia nne wamekuja."

"Ndiyo maana."

Boga akanigeukia mimi. "Idarus, sema wewe. Fundi ni wewe."

Naandika ukweli. Nilisema, "Labda kumi na mbili itafaa." Nalisema kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Mwarandu hakubishana. Aliketi juu ya mfuko wa mchanga akasema, "Basi mimi sihesabu. Hesabuni nyinyi." Nikasimama na kamba mkononi, na niliposikia ile kamba inatetemeka nikajua nimesema upuuzi. Nikamwomba radhi mbele ya wote. Tukasimamisha futi kumi, turubai likatolewa. Tulichelewa saa nzima. Watu walipiga miluzi, wa nyuma hawakuona vizuri, na kivuli cha Mwanatabu kilikuwa kirefu kuliko yeye.

Boga hajanisemesha tangu pale.

Jumapili, 1 Desemba

Hajanisemesha.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Jenereta ya kuwashia taa nimeileta ndani, inanukisha nyumba yote dizeli. Mama anasema ama itoke ama nioe.

Ijumaa, 6 Desemba

Bado inanyesha. Nilikwenda Magongo kuukagua uwanja. Udongo mwekundu, unashika kiatu. Mwarandu alitembea uwanja mzima peku. Tumeongeza mbao chini ya miguu, mbili mbili, zimepishana.

Jumapili, 8 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo tangu asubuhi.

Magongo mvua ilikatika adhuhuri. Tulisimamisha kwa utaratibu wote. Nilisoma pimamaji kila upande, timazi kila upande, nikaandika kwenye karatasi. Mwarandu alipitisha mkono kwenye kila bolti. Tulikubaliana futi kumi na mbili, upepo haukuwepo. Miguu yote minane ilikaa juu ya mbao, mbao juu ya udongo tulioukanyaga wenyewe. Sina ninachoweza kusema tulikiacha.

Watu walikuwa wengi kuliko Mtopanga, wafanyakazi wa reli na wa kiwanda, wenye watoto mabegani. Mimi nilikuwa nyuma kulia kwenye jenereta, na kutoka pale siioni miguu ya mbele. Mwarandu alikuwa upande wa kushoto. Tulifika pale mjane anapowafukuza wapangaji. Mwanatabu alisimama katikati, taa zote sita juu yake, akanyoosha mkono wake mzima.

"Nyumba hii," akasema, "haitoki mikononi mwangu mpaka..."

Akanyamaza. Nikadhani amesahau maneno. Boga pembeni akamnong'oneza. Mwanatabu akageuza uso kuelekea kulia, akasema kwa sauti ile ile ya mjane, inayofika mpaka nyuma:

"Idarus! Mguu wa mbele huku kulia unazama."

Uwanja ukaangua kicheko. Walidhani Idarus ni mpangaji wa nne. Mtu mmoja akapiga kelele, "Toka, Idarus, umekamatwa!"

Mwanatabu hakucheka wala hakukimbia. Akawaambia wenzake watatu, "Tokeni nyuma, polepole." Wakatoka. Akatoka yeye wa mwisho.

Nilifika pale mbele sijui kwa miguu ipi. Mbao mbili zilikuwa zimelala upande mmoja kama sahani iliyoinamishwa, na mguu umeingia ardhini kiasi cha shibiri. Nguzo yote imeegemea mbele na kamba ya nyuma imekaza inalia. Wanaume wawili kutoka mstari wa kwanza waliruka kuja kuisukuma nguzo.

"Msiiguse!" nikapiga kelele. "Mkiisukuma mtaitoa kwenye kamba. Rudisheni watu nyuma, rudisheni watoto!"

Boga akaruka chini ya jukwaa. Sijawahi kumwona hivyo. Alinyoosha mikono miwili akawarudisha watu nyuma kama anavyorudisha darasa, "Hatua kumi, hatua kumi, tafadhali, wazazi shikeni watoto," na watu wakarudi, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya utulivu.

Mwarandu alikuwa bado kushoto. "Idarus! Nieleze!"

"Mguu wa mbele kulia umezama shibiri. Nguzo imeinama mbele. Kamba ya nyuma imeshika. Kigingi kimeshika."

"Kapi yako?"

"Nzima."

"Basi tunashusha. Usikimbie. Kwa hesabu yangu, kiganja kimoja kimoja. Zima stima kwanza."

Nikaizima. Giza likaanguka juu ya watu wale wote na hakuna aliyepiga kelele. Mtu akawasha karabai dukani upande wa pili, akaileta. Tukashusha. "Moja, shika. Mbili, shika." Nilihesabu thelathini na tisa. Katika kumi na saba nguzo ikasogea tena nikahisi kamba inaniunguza kiganja, nikashika. Kenchi ilipogusa jukwaa nilikaa chini.

Hakuna aliyeumia hata ukucha.

Tulichimba tukaona: palikuwa pamechimbwa shimo la takataka zamani, likafukiwa, juu pakakanyagwa pakawa pagumu kama kwingine. Miguu yake peku haikulisikia, na timazi yangu haikuliona. Mwarandu alitia mkono mle ndani mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaufuta kwa kofia yake. "Hili sikulijua," akasema.

Nalidhani tumemaliza. Boga akaja kwangu, mara ya kwanza baada ya juma zima. "Inawezekana tena, au haiwezekani? Utakalosema ndilo." Nikamuuliza mzee kwa macho, nikakumbuka hanioni, nikamuuliza kwa mdomo. Akasema inawezekana tukisogea futi sita na tukipata kitu kipana cha kukanyagia. Jamaa mmoja wa jirani, Ngumbao, mtu tusiyemjua kabisa, akaenda kwake akarudi na mlango wa nyumba yake kichwani. Mwingine akaleta wa jikoni. Tukasimamisha juu ya milango, futi nane tu, nikakaa mimi mbele kuitazama miguu na Boga akasimamia jenereta.

Mwanatabu akatoka tena. Watu walikuwa wamengoja karibu saa mbili na wengi hawakuondoka. Akasimama pale pale, akanyoosha mkono pale pale.

"Nyumba hii," akasema, "haitoki mikononi mwangu mpaka Idarus aache kuichimba."

Hayo hayamo kwenye mchezo. Uwanja ulipasuka kwa kicheko.

Jumatatu, 9 Desemba

Viganja vyote viwili vimechubuka, kalamu inaniuma. Boga amekuja na dawa ya kupaka. Hakuomba radhi na mimi sikuomba. Alisema Jumatano tutasimamisha mchana, tuiache na mzigo kwa muda wa saa nne kabla mtu hajapita chini, na kwamba ameshamwambia kila mwigizaji kuwa yeyote akiona kitu aseme, hata katikati ya neno.

"Hata ikiwa mchezo umefikia patamu?"

"Hata pakiwa patamu."

Jumatano, 11 Desemba

Likoni. Tumecheza mapema, magharibi imetukuta tukimalizia, kwa sababu watu walitaka kuvuka feri kwenda kungoja usiku wa bendera. Futi kumi na mbili, upepo mdogo, ardhi kavu. Nilikaa mbele. Sina zaidi.

Alhamisi, 12 Desemba

Leo ni uhuru. Feri zimejaa tangu alfajiri, watu wamevaa vitu vyao vizuri. Baba na majirani barazani bado wanajadili kama Mwambao umepata au umepoteza, na kahawa haikauki.

Mimi nilikwenda uwanjani kufungua mabomba. Nilidhani nitakuwa peke yangu mpaka Mwarandu afike kutoka Magongo. Mwanatabu alikuwa ameshafika, amefunga leso kiunoni, anakusanya bolti kwenye kopo.

Tulifungua bolti za upande mmoja. Kisha nikamuuliza jambo nililokuwa nalo tangu Jumamosi. "Uliuonaje ule mguu? Taa zote zilikuwa usoni mwako."

"Nalikuwa nautazama. Kila mchezo ninatazama miguu yote minane, mmoja mmoja, nikiwa nasema maneno."

"Kwa sababu ya mwezi wa nne."

"Kwa sababu ya mwezi wa nne." Akaweka kopo chini. "Idarus, ile boriti niliiona. Nalisimama pembeni nangoja kuingia, nikaiona imeinama. Nikajiambia, Idarus ni fundi, ingekuwa jambo angesema. Nikajiambia, nikisema sasa Boga atakasirika, watu wameshakaa. Nikaingia. Miezi minane wewe unanipita uani umeinamisha kichwa, nami ninakuacha uiname, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu iwe kosa la mtu mmoja."

Nilitaka kumwambia kwamba nguzo niliisimamisha mimi, na hilo halibadiliki. Nikamwambia. Akasema analijua, na hakusema limebadilika.

"Nami niliiona," nikasema. "Kabla ya mchezo. Nikasema wakati wa mapumziko."

Akanitazama. "Tuliiona wote wawili?"

"Wote wawili."

Akakaa juu ya mfuko wa mchanga. Nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia kidogo, halafu akajifuta kwa leso. Nami nikakaa mfuko wa pili. Upande wa bahari meli zikaanza kupiga honi, moja, kisha zote kwa pamoja, kwa ajili ya uhuru, kwa muda mrefu sana, na hatukuweza kusemezana tena mpaka ziliponyamaza.

"Mzee wako," akasema basi, "anafundisha wanawake?"

"Sijamuuliza."

"Muulize leo. Vile viungo arubaini na vinane nataka nijue kuvipitia mwenyewe. Kucha ninazo."

Mwarandu alifika saa tano, kavaa shati jeupe la sikukuu na kofia yake ya bandarini. Nikamuuliza. Akamwambia Mwanatabu anyooshe mkono, akaupokea kwenye viganja vyake, akapitisha kidole gumba juu ya kila ukucha.

"Ukucha wa gumba uache urefuke," akasema. "Jumapili uje Magongo."